Upanga Uliochomolewa Nusu

Nesta Kengele alikuwa anaanika mashuka nyuma ya nyumba yake, mlimani juu ya bwawa la Banadl, mkono ulipotoka majini ukiwa umeshika birika. Ulikuwa mkono wa mwanamke, wa kulia, umefunikwa kitambaa cheupe mpaka kwenye kifundo. Nesta alimaliza kwanza shuka la mwisho, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na jua, na jua la kule Wales si kitu cha kuchezea. Kisha akateremka mpaka kwa jirani yake, Gwyndaf Maziwa, akamkuta naye ameegemea ukuta wa mawe anatazama.

"Birika la kina Lowri hilo," Gwyndaf alisema. "Lile lenye mdomo uliopinda."

"Lilipindwa na nani kama si wewe?"

"Nilikuwa na miaka mitano, Nesta. Si unisamehe basi?"

Lowri mwenyewe alishafariki. Walimpigia simu binti yake, akaja amevaa viatu vya mpira, akaingia majini mpaka magotini, akalipokea birika na kusema asante. Mkono ukazama taratibu. Jioni ile birika lilichemsha chai kama zamani. Chai ilikuwa na ladha ya tope kidogo, lakini waliinywa.

Kule kwetu majina ya ukoo ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake au ya mzazi wake. Gwyndaf aliacha kugawa maziwa siku nyingi, ila jina halikustaafu naye. Baba yake Nesta alikuwa mpiga kengele ya kanisa, na kengele hiyo iko chini ya maji pamoja na kanisa lenyewe, shule, posta, daraja na nyumba zote za kijiji cha Pentre Banadl. Kijiji hicho hakikuzama. Kilizamishwa. Mji mkubwa wa ng'ambo ya mpaka ulitaka maji ya viwanda vyake, Kampuni ikatazama ramani, ikaona bonde, haikuona watu. Sheria ikapitishwa mbali sana, na waheshimiwa ambao wasingeweza hata kulitamka jina la mahali walipokuwa wanapafuta.

Baada ya lile birika, mkono ulitoka kila Jumamosi asubuhi. Ulirudisha vitu kwa kufuata nyumba, kuanzia ile iliyokuwa chini kabisa karibu na mto, kama tarishi anayepanda mtaa. Ulitoa jiko la chuma. Ulitoa ngazi, cherehani, kiti cha mtoto. Wenyewe au watoto wa wenyewe walishuka kupokea, wakavifuta, wakavirudisha kazini. Mwishoni mwa kiangazi nyumba zilikuwa zimekwisha, na Jumamosi moja mkono ukatoka na ubao wa kanisani wa namba za nyimbo, namba za ibada ya mwisho zikiwa bado zimepachikwa. Nesta aliutazama ubao ule, akapanda nyumbani, akarudi anasukuma toroli.

"Hilo la nini?" Gwyndaf aliuliza.

"Baada ya kanisa ni makaburi."

Gwyndaf akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Mkono wenyewe mwembamba vile. Utaweza jiwe?"

"Si uliweza jiko la kina Ellis?"

"Kweli, uliweza."

Kwenye makaburi yale alikuwamo Emrys, mdogo wake Nesta, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka mitatu, mwaka mmoja kabla ya maji kuja. Baba yao alimchongea mwenyewe kibao cha jiwe jeusi la kule kwetu, akaandika jina lake na si zaidi. Kampuni ilisema familia zinazotaka kuhamisha maiti zao zihamishe. Mama yao hakuweza kumfukua mtoto. Basi mawe yakalazwa kifudifudi, zege likamwagwa juu, na mkurugenzi mmoja akasimama mbele ya waumini akaahidi kwamba Kampuni itasimamisha ufukoni jiwe moja kubwa lenye majina ya wote walioachwa chini. Jiwe hilo halikuonekana. Nesta aliuliza akiwa msichana, akauliza akiwa mama, akauliza akiwa bibi. Kila meneja mpya alimwambia kwamba suala hilo analifahamu.

Kuna jambo jingine lililotokea mwaka ule wa mwisho, na ni lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililoleta yote. Pentre Banadl ilikuwa na tamasha lake la mashairi, kama vijiji vyote vya kwetu. Mshindi hupewa kiti. Kabla hajakikalia, upanga huletwa juu ya kichwa chake ukiwa ndani ya ala, mshairi mkuu anauchomoa nusu na kuuliza kwa sauti, "Kuna amani?" Ukumbi mzima unajibu, "Amani!" Upanga unarudishwa. Huulizwa mara tatu, na mara tatu hujibiwa. Haujawahi kuchomolewa wote, wala hakuna mtu aliyewahi kujibu vingine. Upanga wa Banadl ulifuliwa na Huw Mhunzi kutoka kwenye fyekeo la majani, na ulitunzwa katika chumba cha nyuma ya kanisa, karibu na vikombe vya chai.

Mwaka ule wapima ardhi wa Kampuni walikuwa wameketi nyuma ya ukumbi. Walikuwa wamekaribishwa, maana mgeni ni mgeni hata kama amekuja kupima kitanda chako akutupe nje, na walikuwa wamepewa chai na mkate wa zabibu. Mshairi mkuu alipouliza, watu wa Banadl walijibu "Amani!" kama walivyojibu maisha yao yote, tena walijibu kwa nguvu zaidi, ili wageni waone tamasha lao si la mchezo. Mpima mmoja akamuuliza mke wa mchungaji watu wanapiga kelele gani. Mke wa mchungaji, kwa adabu zake, akamtafsiria. Baadaye, kwenye kikao cha kuamua, wakili wa Kampuni alisimama akasema wakazi wameulizwa hadharani mara tatu kama wana amani, na mara tatu wamejibu kwamba wanayo. Kikao kikaridhika. Mke wa mchungaji hakutafsiri tena neno lolote mpaka anakufa, hata menyu.

Vitabu vilikuja miaka mingi baada ya hapo. Viliandikwa na Bi. Philippa Thornbury, mwanamke mpole kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyefika bwawani siku moja ya ukungu na kuliona ziwa. Kwetu ni bwawa. Kwenye vitabu vyake ni ziwa, na lilikuwapo tangu dunia kuumbwa. Watoto watatu wa mjini wanakuja likizo. Bibi wa majini anawatolea mkono na kuwakabidhi upanga wa mfalme wetu wa kale, yule wa meza ya duara, aliyelala pangoni na mashujaa wake akisubiri kuamshwa. Watoto wa mjini wanamwamsha, naye, kwa sababu wasizozijua watu wa kwetu, anaamka akiongea lugha yao. Mwenyeji anayetokea ni mmoja tu, mchunga kondoo asiye na jina, anayeonyesha njia kwa fimbo na kupotelea kwenye ukungu.

"Huyo ni mimi," Gwyndaf alikuwa akisema baa. "Kurasa nzima mbili, na sijapewa hata suruali."

"Walichukua maji," Nesta alisema. "Wakaona haitoshi, wakarudi kuchukua mfalme."

Lakini mjukuu wake, Mabli, alivipenda vitabu hivyo. Alivisoma chini ya meza, alivisoma bafuni, na Nesta hakumkataza, maana ni vitabu vizuri. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Vingekuwa vibaya angevichoma jikoni na kupata joto.

"Bibi," Mabli aliuliza siku moja, "humu ndani sisi tulikuwa wapi?"

"Tulikuwa tumeshatolewa, mama. Endelea kusoma."

Watoto wengine wengi walivipenda, na kila Jumamosi walikuja na wazazi wao, wamevaa taji za karatasi na kushika panga za mbao. Mkono ulipotoka na ngazi au ubao wa nyimbo, walilia. Wazazi wakalalamika. Kampuni, ambayo kwa mambo ya majina ya wafu ilikuwa haijapata nafasi tangu enzi za mkurugenzi yule, ilimtuma mtu ndani ya wiki. Mtu huyo aliitwa Bwana Stubbs, mkuu wa huduma za wageni, kijana mchangamfu wa koti la mvua la manjano.

Bwana Stubbs aliutazama mkono na kusema ni mzuri, unahitaji tu kufuata kitabu. Alimtuma mtu kwa mtumbwi akaupe upanga wa plastiki. Mkono uliupokea, ukaupima uzito, ukauweka juu ya maji, na upanga ukaelea mpaka kwenye matete, ambako bata aliutagia. Bwana Stubbs hakukasirika. Alipachika tangazo ufukoni likisema kwamba kila kilicho chini ya maji kilinunuliwa na Kampuni kwa mujibu wa sheria, na kwa hiyo chochote kitakachotolewa na mkono ni mali ya Kampuni, wakazi wasiguse.

Nesta, ambaye kwenye karatasi za Kampuni aliitwa Bi. Prydderch, alishuka kumwona. Alimkuta anasimamia ujenzi wa kituo cha wageni, na mbele ya kituo palikuwa na jiwe kubwa limeletwa kwa lori.

"Hatimaye," Nesta alisema. "Hilo ndilo jiwe?"

"Ndilo lenyewe, Bi. Prydderch! Litachomekwa upanga, kama lile la mfalme kwenye hadithi, watoto wawe wanavuta."

"Na majina?"

"Majina yapi?"

Nesta akamweleza habari ya makaburi, zege na mkurugenzi. Bwana Stubbs alisikiliza vizuri, kichwa upande. "Nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini hapa ni mahali pa watoto. Watoto na makaburi, Bi. Prydderch, haviendi."

"Emrys alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa mtoto kuliko wewe ulivyo meneja."

Bwana Stubbs akacheka kwa heshima na kusema suala hilo analifahamu.

Bi. Philippa mwenyewe alikuja kunywa chai kwa Nesta, baada ya kusikia kuna mama mmoja hana furaha. Aliketi kwenye kiti cha karibu na moto, akausifu mkate, akamsainia Mabli vitabu vyote. Nesta akamhadithia kijiji, nyumba kwa nyumba. Bi. Philippa alilia machozi ya kweli.

"Sikujua," alisema. "Nilipofika palikuwa patupu. Patupu, na pazuri sana."

"Palikuwa patupu kwa sababu tuliondolewa, Bi. Philippa. Mahali hapafukuzi watu penyewe."

"Nitarekebisha. Nakuahidi. Kitabu kijacho kitakuwa na kijiji kilicholala chini ya ziwa, na kengele zinazosikika. Na Emrys atakuwamo. Nitamfanya mtoto wa majini, mwenye taa, anayewaongoza."

"Anawaongoza akina nani?"

"Watoto wangu. Mashujaa."

Nesta akaweka kikombe chini. "Emrys alikuwa haijui njia ya kwenda posta. Kwa nini akishakufa awe mtumishi wa watoto wako?"

Bi. Philippa alisema ana uchungu na anauheshimu uchungu wa Nesta, na kwamba neno mtumishi ni kali mno. Aliondoka na kipande cha mkate kwenye karatasi. Mabli akaviweka vitabu vilivyosainiwa juu ya kabati, mahali asipofika bila kiti.

Kituo kilifunguliwa siku ya Jumamosi, baada ya wiki nyingi ambazo mkono ulitoa mabenchi ya kanisa moja moja. Palikuwa na bendi ya matarumbeta, na watoto wa taji za karatasi walijaa ufuko mzima. Waliozaliwa Pentre Banadl na watoto wao walisimama upande wa matete, na Nesta alikuwa mbele yao na toroli lake, ndani akiwa ametandika blanketi ili jiwe lisikwaruzike. Tangazo alikuwa amelisoma, na toroli alikuwa amelileta vilevile.

Mara hii ilitoka mikono miwili. Mmoja ulishika ala, mwingine mpini, na upanga ulikuwa umechomolewa nusu.

Watoto walipiga kelele za furaha, bendi ikapiga, Bi. Philippa akafunika mdomo. Bwana Stubbs alimpigia simu mtu fulani na kumwambia kwamba hatimaye mkono umefuata kitabu.

"Huo ni wa Huw Mhunzi," Gwyndaf alisema. "Tazama mpini. Kaufunga kwa waya wa uzio, bahili yule."

Upande wa matete watu walikuwa wamenyamaza, kwa sababu upanga ukiwa nusu nje, mtu lazima aulize. Mshairi mkuu wa mwisho wa Banadl alikuwa amezikwa ng'ambo ya mlima. Watu wakamtazama Nesta, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya kuwanyamazisha watu kabla ya swali. Nesta alijua hesabu ya mkono ule kuliko wote. Upanga ulitoka chumba cha nyuma ya kanisa, na mlango wa nyuma wa kanisa unafungukia makaburini. Wakijibu, upanga utarudi kwenye ala, mikono itazama, na Jumamosi inayofuata itapanda na jiwe jeusi.

"Kuna amani?" aliuliza, kwa lugha ya bonde.

Gwyndaf alifumbua mdomo kwa mazoea ya maisha yote. Neno lilifika kwenye meno. Akaufumba, akalimeza, na shingo yake ikaonekana ikilipitisha. Hakuna aliyejibu.

"Kuna amani?"

Bendi ilikuwa imeacha kupiga. Bwana Stubbs alikuja mbio, akauliza kinachoendelea, na mtu mmoja akamweleza. Akafurahi. Akachukua kipaza sauti akawaomba wageni wapendwa waseme wote kwa pamoja, kwa lugha yao wenyewe. Wakasema "Amani!" kwa sauti nzuri sana, mamia ya watu, watoto na wazazi. Mikono haikujongea. Walioulizwa hawakuwa wao.

Mabli alikuwa ameshika mpini mmoja wa toroli. "Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "sema tu. Anayefuata ni Emrys."

"Najua, mama."

"Ni neno moja."

"Najua. Tulishawahi kulisema."

Nesta alilia pale, mbele za watu, bila kujifuta, na hasira ilikuwa nyingi katika machozi hayo kuliko huzuni. Akauliza mara ya tatu. Upepo ulipita kwenye matete. Hakuna mtu wa Banadl aliyejibu, na upanga ukabaki nusu nje.

Jumatatu Bwana Stubbs aligonga mlango wa Nesta. Alisema upanga ulio wazi ni hatari kwa wanaoogelea, na bima haitaki.

"Hilo neno lenyewe ni fupi tu, Bi. Prydderch."

"Jina la ndugu yangu nalo ni fupi. Liandikeni."

Bwana Stubbs alisema atalifikisha makao makuu. Huenda alilifikisha. Lakini wiki ile picha za mikono miwili zilikwenda kila mahali, wageni wakaongezeka, na makao makuu yakaona kwamba upanga nusu nje unapendeza kuliko uliorudishwa. Hakuna aliyetumwa tena kumwomba Nesta neno lile. Leo kituo kinauza vitambaa vya kufutia vyombo vyenye picha ya upanga huo, na bango la maelezo linasema ni wa mfalme wa kale na kwamba bibi wa ziwa anamngojea mtoto jasiri. Jiwe la mbele lina upanga wa plastiki uliochomekwa, na limeandikwa majina mawili, la Kampuni na la Bi. Philippa. Kitabu kipya kimetoka. Mtoto wa majini mwenye taa yumo, na amepewa jina jingine ili kuheshimu familia.

Mikono bado iko pale. Majira ya baridi barafu huizunguka, kiangazi bata hupumzika juu ya ala. Kwa kuwa imeshika upanga, haileti kitu kingine. Ng'ambo ya mpaka watu wanafungua bomba na maji yanatoka.

Kila Jumamosi Nesta hushuka na kuuliza mara tatu. Walio na nafasi hushuka naye, Mabli haachi, na hakuna anayejibu. Watoto wa wageni hupenda kupigwa picha ndani ya toroli, juu ya blanketi, naye huwaacha, maana ni watoto. Wakishatoka hulikung'uta blanketi, huligeuza toroli kifudifudi lisiingie mvua, kisha hupanda kuanua mashuka.